Mwanamke Niliyemfuta Kwenye Picha ya Stesheni

Kabla hujaniuliza, nikujibu: sikuwa nimelewa. Sinywi. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na wala sikuwa mtu wa kuamini mambo haya. Angenisimulia mtu mwingine ningecheka, nikamwambia akapime malaria. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Moshi, na mpaka ninavyoongea na wewe bado ninayabeba. Wewe sikiliza tu. Ukimaliza utaamua.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo karibu na sokoni. Riziki yangu ni harusi, kipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Mwaka ule mama mmoja mwenye gesti kule Soweto, mtaa wa hapa Moshi, tunamwita Mama Eliamani, alinipa kazi niliyoifurahia kuliko zote. Alikuwa amepaka vyumba vyake rangi upya, sasa anataka picha kubwa za mji za kutundika ukutani: mnara wa saa, msikiti, kanisa, stesheni ya reli, na kila picha mlima uonekane nyuma.

"Nataka mgeni akifungua macho aione Moshi yetu," aliniambia. "Ila watu sitaki. Watu wanazeeka, nguo zinapitwa na wakati. Nipe majengo na mlima, basi."

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo hutanielewa. Mlima unajifunua alfajiri. Ikifika saa tatu, mawingu yameshaufunika. Sasa alfajiri hiyo theluji ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, inawaka kama taa, huku mji bado umo kwenye kivuli. Ukipima mwanga wa theluji, jengo linatoka jeusi tii. Ukipima mwanga wa jengo, mlima unapotea, mbingu inabaki nyeupe kama karatasi. Jicho la mtu linaona vyote viwili, kamera haiwezi. Kwa hiyo tunaifunga kamera kwenye stendi isitikisike, tunapiga picha tano za kitu kilekile. Ya kwanza ya giza kabisa, ya mwisho ya mwanga uliopitiliza. Halafu kwenye kompyuta tunazilaza moja juu ya nyingine, kila moja inatoa sehemu yake iliyo nzuri. Wenyewe tunaiita HDR. Ubaya wake ni kwamba kitu kikisogea kati ya picha ya kwanza na ya tano, iwe mtu, mbwa au hata tawi, kinatoka kama ukungu, nusu kipo nusu hakipo. Hapo inabidi ukifute kwa mkono.

Mnara wa saa ulinitoka vizuri. Msikiti pia. Stesheni nikaiacha mpaka mwisho.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu inayowashangaza wageni wanaodhani Afrika yote ni joto. Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Siku hiyo haikuwa siku ya treni. Mlinzi alikuwa getini anaota moto wa makaa, nikamsalimu, nikamweleza shida yangu, akanipungia mkono nipite. Nikavuka reli nikasimama upande wa pili, ili nilipate jengo lote na Kibo juu ya paa lake. Nikafunga kamera. Nikainama kuangalia kioo cha kamera.

Kulikuwa na mtu kwenye jukwaa.

Alikuwa mwanamke, amesimama karibu na ukuta, pale ambapo plasta imebanduka na maji ya mvua yamechora doa refu la kahawia. Amevaa kitenge cha maua na koti la kiume, la sufu, kubwa kuliko yeye. Miguuni kandambili. Pembeni yake sanduku la bati, kama yale tuliyobeba tulipokuwa bweni. Nilikadiria umri wake kama miaka thelathini, labda na ushee. Nikashangaa sikumwona wakati navuka, lakini giza lilikuwa bado halijaisha, nikasema labda alikuwa amekaa. Wewe usingesema hivyo?

Nikamfuata. Nilipofika kama hatua sita hivi nikasimama, sijui kwa nini. Miguu tu ilisimama.

"Habari za asubuhi, dada. Samahani, naomba usogee kidogo. Napiga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya stesheni."

"Na mimi si nipo stesheni?"

Aliniambia bila ugomvi, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Kiswahili chake hakikuwa cha huku kwetu, kilikuwa cha upande wa Tanga. Alipoongea niliona ana mwanya mpana kati ya meno ya mbele. Halafu akakohoa. Akainama, akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika kwa muda mrefu, na, niamini, sikusikia sauti yoyote ya kikohozi. Nilisikia ndege. Nilisikia jogoo wa mbali. Kikohozi sikukisikia.

"Itapelekwa wapi hiyo picha?" akauliza alipotulia.

"Gesti ya Mama Eliamani, kule Soweto. Itatundikwa ukutani."

Akatazama sanduku lake, kama anahesabu kitu moyoni.

"Basi niache hapa hapa. Na ukifika huko kwenye mashine yako, usinitoe. Nimeshatolewa vya kutosha."

Niseme nini? Mwanga ulikuwa unapanda, na mwanga wa namna ile haumsubiri mtu. Nikaona nipige tu, nitamfuta baadaye. Nikamjibu, "Sawa, dada, sitakutoa." Nilisema uongo huo macho makavu, huku nimeshageuka. Nikarudi kwenye kamera, nikapiga zile picha tano. Hakutikisika hata ukope. Nilipoinua kichwa kumshukuru, jukwaa lilikuwa tupu. Nikatoka getini, nikamuuliza mlinzi yule mama mwenye sanduku ametokea wapi. Akanitazama kama vile nimemtania.

"Hapa umeingia wewe tu, braza."

Mchana wake nikafungua kompyuta. Picha ya kwanza, ile ya giza, unatakiwa uone theluji tu na mstari wa paa, mengine yote meusi. Theluji niliiona. Paa nililiona. Na katikati ya weusi ule alikuwepo yule mwanamke, anaonekana wazi kabisa, maua ya kitenge unayahesabu. Nikafungua ya pili. Jengo limeanza kutokea, yeye ni vilevile. Ya tatu, ya nne. Ya tano, ambayo ukuta mzima umeungua kwa mwanga, yeye ni vilevile, hakupungua wala kuzidi. Kila kitu kwenye picha zile kilikuwa kinatii mwanga isipokuwa yeye.

Nilisimama nikaenda kufungua mlango wa studio ili nisikie watu wa sokoni. Nikajisemea ni kamera, kamera nayo inazeeka. Halafu nikafanya jambo ambalo ninalijutia mpaka leo. Mteja alisema hataki watu. Nikakaa nikaanza kumfuta.

Alikuwa mgumu kutoka. Namfuta miguu, nikihamia kwenye koti naona kandambili zimerudi. Mara ya kwanza nikadhani nimekosea kubonyeza. Mara ya pili pia nikajidanganya hivyo hivyo. Mara ya tatu nikachukua kipande kikubwa cha ukuta, plasta na lile doa la maji, nikamfunika nacho mwili mzima kwa mkupuo mmoja, kuanzia kichwani. Akakaa kimya chini yake. Nikahifadhi, nikapeleka picha kusafishwa, yaani kuchapwa kwenye karatasi, kwa ukubwa alioutaka Mama Eliamani, zikatiwa fremu.

Siku ya kuzitundika ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua kali. Mama Eliamani alifurahi sana, akawa anazunguka chumba hadi chumba anaita jina la kila jengo kama mtu anayewatambulisha watoto wake. Aliyekuwa ananisaidia kushika fremu ni dada wa usafi pale gesti, anaitwa Anjela, mtu wa Rombo, wa mji wa Mkuu, huko juu mlimani. Umri wake thelathini na kitu. Mkimya. Nilikuwa nimeshakwenda pale mara nyingi na sijawahi kumsikia akiongea zaidi ya karibu na asante.

Nilipoitundika ya stesheni, akarudi nyuma hatua mbili aangalie kama imenyooka. Akakaa akiiangalia.

"Kaka," akasema, "huyu mama ni nani?"

"Mama yupi?"

"Huyu hapa. Mwenye sanduku."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini polepole, nikiogopa itaanguka yenyewe. Mimi pale naona ukuta tu. Mama Eliamani akasogea, akavaa miwani, akasema, "Mama gani, Anjela? Umekula kweli leo?" Anjela akanyoosha kidole, akaanza kusema, sauti ndogo: koti la kiume, kitenge cha maua, kandambili, sanduku la bati. Kidole chake kilikuwa juu ya doa la maji, pale pale nilipomfunika.

"Ananiangalia," akasema. "Kaka, mbona ananiangalia mimi?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema ni kivuli cha kioo. Lakini yule dada alikuwa bado amenyoosha kidole, na mimi ndiye niliyekuwa najua. Nikamwomba Mama Eliamani ruhusa, nikamchukua Anjela mpaka studio, nikamfungulia ile picha ya kwanza, ya giza, kama ilivyotoka kwenye kamera.

Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akainua mkono akagusa meno yake ya mbele, na ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu hacheki: Anjela ana mwanya uleule.

Hakulia. Alinieleza tu. Alilelewa na shangazi yake, Shangazi Paulina, dada wa baba yake. Baba alifariki yeye akiwa hajafikisha miaka mitatu. Kuhusu mama, aliambiwa kwamba amekimbia na mwanaume, ameenda zake Kenya kwa njia ya Tarakea, kule mpakani, amemwacha mtoto kama anavyoachwa mbwa. Pale nyumbani kulikuwa na picha moja ya harusi ya wazazi wake, na uso wa mama ulikuwa umekatwa kwa wembe.

"Nilipokuwa mdogo," aliniambia, "nilijua mama yangu hana kichwa. Niliota hivyo. Gauni jeupe, hana kichwa, ananiita, na mimi nakimbia."

Jumapili tukapanda Mkuu. Nilikuwa nimeisafisha ile picha ya giza, nimeitia kwenye bahasha. Kuanzia Mwika ukungu ulikuwa umelala barabarani, migomba inatokea upande na upande kama watu wanaotusubiri tupite.

Shangazi Paulina tulimkuta nyuma ya nyumba anawakatia ng'ombe migomba. Mwanamke mrefu, mifupa mikubwa, rozari shingoni. Tukamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia vizuri, akatukaribisha ndani, akatuwekea kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, cha moto kabisa. Akamuuliza Anjela kama huyu kaka ndiye mchumba. Anjela akasema hapana. Akafungua bahasha, akaiweka picha mezani katikati ya sahani.

Nimepiga picha misiba mingi. Nimeona watu wakipokea habari za kila aina. Lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile, mbele yangu, kwa muda wa kumeza mate.

"Koti la kaka yangu," alisema Shangazi Paulina. Hakusema jina la mtu. Koti ndilo alilolitaja kwanza. "Hilo ni koti la marehemu kaka yangu. Nani kawapa hii?"

"Shangazi," Anjela akasema, "mama alikwenda wapi?"

Shangazi aliangalia mlangoni, kama anataka kuona kama kuna mtu mwingine wa kumjibia. Hakuwepo. Wote waliohusika walikuwa wamelala kwenye kihamba, shamba la ukoo, chini ya migomba. Amebaki yeye tu.

Akaongea. Mama yake Anjela aliitwa Hilda, mtu wa Korogwe. Ukoo haukumtaka tangu mwanzo, mtu wa kuja. Mume alipofariki wakasema yeye ndiye aliyemla. Alikuwa ameshaanza kukohoa wakati huo, na kikohozi kile wakakifanya ushahidi. Wakakaa kikao. Asubuhi moja wakamtolea sanduku lake nje, wakamwambia arudi kwao, mtoto ni wa ukoo. Alikuwa anatetemeka kwa homa, akachukua koti la mume wake msumarini, na hata hilo walitaka kumvua.

"Mimi ndiye niliyesema aachiwe," alisema Shangazi Paulina. "Nilisema aachiwe koti. Hicho tu ndicho nilichosema."

Akashuka Moshi kusubiri treni ya kwenda kwao. Siku zile treni ilichelewa, siku mbili nzima. Alisubiri pale jukwaani. Siku ya pili alfajiri watu walimkuta amekaa ameegemea ukuta, sanduku kwenye magoti, ameshakata roho. Ndani ya sanduku kulikuwa na barua yenye anuani ya Mkuu, kwa hiyo taarifa ikaletwa nyumbani: njooni mchukue mtu wenu.

"Mkaenda?" Anjela akauliza.

Shangazi Paulina akaishika rozari yake.

"Shangazi, mkaenda kumchukua?"

"Wazee walisema si wetu. Walisema huyo si wetu, azikwe na serikali. Halafu wakasema watoto wasijue." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikubadilika. "Wembe niliushika mimi, Anjela. Walinituma, lakini mkono ulikuwa wangu."

Sikuwa na pa kuangalia. Nikaangalia kiburu kinavyopoa.

Shangazi Paulina akatoka nje. Tulidhani amekimbia aibu. Akarudi ameshika jani la isale, lile tunalopanda mipakani na makaburini. Kama wewe si mtu wa huku nikuambie: kwetu, mtu akikuletea isale amekuomba msamaha, na hata kama alimwaga damu ya ndugu yako, ni vigumu sana kumkatalia. Alipiga magoti, mama mzima na umri ule, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Anjela alilitazama. Akachukua picha yake mezani, akairudisha kwenye bahasha taratibu, akanyoosha kona zake zisijikunje. Akasema, "Si mimi wa kulipokea, shangazi. Mpelekee mwenyewe." Akatoka. Nilimwacha yule mama bado amepiga magoti, jani mkononi. Sikumwinua. Mpaka leo sijui kama nilipaswa.

Tulijaribu kutafuta kaburi. Tulizunguka makaburi ya mji siku tatu, tukauliza wazee wanaochimba. Makaburi ya watu wasiokuwa na mtu hayana alama, na mengine yamechimbwa juu ya mengine. Hatukulipata. Ndipo Anjela akaniomba nimpeleke stesheni, asubuhi kama ile, saa ileile. Alisimama pale penye doa la maji, kanga begani. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyetokea. Alisubiri mpaka jua likamfika miguuni, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemwita mgonjwa aamke, "Mama, twende nyumbani." Akachota vumbi kidogo la pale chini kwa kiganja, akalifunga kwenye pembe ya kanga.

Aliacha kazi mwezi huohuo. Alikwenda Korogwe, akatafuta, akampata mjomba wake, mzee sana, aliyekuwa bado anajua jina la dada yake. Lile vumbi walilizika huko, kwa ibada, kama mwili. Hunipigia simu mara mojamoja. Hajaolewa, hajarudi Mkuu. Shangazi Paulina alifariki bila wao kuonana tena, na nasikia alikutwa na lile jani kavu chini ya mto.

Unadhani imeishia hapo? Mimi pia nilidhani. Nilidhani nimefanya jambo jema, nimemkutanisha mtu na mama yake. Nilichukua ile picha ya gesti, nikaondoa kile kipande cha ukuta nilichomfunika nacho, nikamrudisha Hilda kwenye jukwaa lake. Nikamweleza Mama Eliamani yote. Alilia, akaitundika sebuleni kwake mwenyewe, kando ya msalaba. Nikasema sasa tumemalizana.

Wiki chache baadaye nilipanda Kibosho kumsalimia mama yangu. Alikuwa hai wakati huo, ana nguvu zake, anakamua ng'ombe mwenyewe. Sebuleni kwake kuna picha aliyopigwa siku ya kipaimara changu, yeye na mimi mbele ya kanisa. Nikainua macho. Mimi nipo, na suti yangu ndogo. Pembeni yangu, mahali pa mama, kuna ukuta. Plasta iliyobanduka. Doa refu la kahawia.

Nikauliza, "Mama, nani kaiharibu hii picha?"

Akaja akasimama karibu yangu akiwa ameshika kikombe. "Imeharibika wapi? Si mimi huyu hapa? Nilivyokuwa mwembamba!"

Nikatoa simu. Nina picha zake mia na kitu, anacheka, anapalilia, anamkemea mbwa. Zote ukuta. Nikampiga nyingine pale pale, mbele yangu, nikaitazama kwenye kioo. Ukuta. Nikampa aione, akasema, "Umenitoa vizuri."

Nimepimwa macho hospitali, ni mazima. Nimekwenda kwa padri, akaniombea, akanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye kamera. Nimekwenda stesheni peke yangu alfajiri zaidi ya mara kumi, nikamwomba Hilda msamaha kwa sauti, nikamwambia nilikudanganya, nilisema sitakutoa nikakutoa. Hajawahi kunitokea tena. Ninapiga harusi, ninapiga watoto, kila mtu namwona. Mama yangu tu ndiye simwoni.

Masika yaliyopita alifariki. Mimi ndiye mpiga picha wa familia, kwa hiyo ndugu wakaniambia, chagua picha nzuri ya kubeba mbele ya jeneza. Nilikaa na kompyuta usiku kucha, picha mamia, plasta na doa, plasta na doa. Kulipokucha nikamwita dada yangu, nikamwomba achague yeye, nikamwambia machozi hayaniruhusu kuona. Alichagua. Nikaisafisha, nikaitia fremu, nikaibeba mwenyewe kutoka nyumbani mpaka kanisani na kutoka kanisani mpaka kaburini. Watu walikuwa wananishika bega wananiambia, jamani, mama amependeza kwenye hiyo picha, umempiga vizuri. Nilikuwa naitikia, asante. Mikononi nilikuwa nimekumbatia ukuta.

Na sura yake yenyewe imeanza kunitoka kichwani. Nakumbuka mikono yake. Sauti naikumbuka. Nikijaribu uso, linakuja lile doa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayepiga picha, hata kama ni kwa simu tu. Siku hizi kumfuta mtu ni jambo la kugusa kioo mara moja, hata watoto wanaweza. Wapita njia, mke mliyeachana, ndugu mliyegombana. Kabla hujagusa, mwangalie kwanza. Na ukikuta mtu amesimama mahali akakuambia usinitoe, usimuulize ni nani wala ametokea wapi. Mwache hapo alipo.

Usimwahidi halafu ukamfuta.

Mimi nilimfuta.